Mwonja Oili

Fundi wetu wa katapila haiulizi injini inaumwa nini, huionja. Huchovya kidole kwenye oili, hulamba, hutema, kisha hutangaza: "Maji yameingia. Gasketi ya hedi imeungua." Hapo hakosei, ndiyo maana haambiliki. Boliti huzikaza mpaka jasho limwambie basi, maana spana ya kipimo, asema, ni ya waoga. Leo, kazi zote zikiwa zimesimama kumngoja yeye, alifunga injini akijisifu kwamba gasketi mpya, ile ya kuzuia maji yasiingie kwenye oili, imekaa kama imezaliwa humo. Dereva akawasha. Moshi mweupe ukatufunika sote.

"Kaka, unakanyaga mafuta kama unaua nyoka!" fundi alimfokea, akijipepea kwa hasira.

Dereva alikuwa akiutazama upepeo wa fundi: gasketi mpya, ingali ndani ya nailoni yake.