Ukuta wa Kijani wa Oyniso

Oyniso alifundishwa kwamba biashara inayochipukia huchorwa kwanza, tena kwenye karatasi moja. Basi akabandika karatasi pana kama shuka kwenye ukuta wa chumba chake, mjini Margilan, akaigawa visanduku: wateja ni nani, wanasumbuliwa na nini, atawafikiaje, faida itatoka wapi. Alichokisia alikiandika kwenye kipande cha njano. Kikithibitika, anakibandua na kuweka cha kijani. Biashara yenyewe ilikuwa kufuata mifarishi, yale magodoro membamba ya pamba ya kukalia na kulalia, majumbani kwa gari, kuifua, kuichambua pamba na kuirudisha. Na nyumba gani ya Margilan haina mifarishi iliyopangwa mpaka karibu na dari?

Mumewe, Zafarjon, alikuwa mwaka wa sita akijenga maghorofa ya Warusi huko Yekaterinburg. Walikubaliana kwamba ukuta ukigeuka kijani, anarudi moja kwa moja. Binti yao Kamola alimjua baba kwa sura ya kwenye simu tu.

Oyniso akaingia mtaani kupima. Nyumba arobaini. Kila nyumba alimiminiwa chai, akamegewa mkate, ndipo akauliza: "Mama, nikileta gari mlangoni, utanipa mifarishi yako?"

"Inshallah, mwanangu," wakajibu, mmoja baada ya mwingine.

Hapo ndipo alipokosea, na mimi simcheki. Kwetu mgeni aliyekwisha kumega mkate wako humwambii hapana. Oyniso mwenyewe hajawahi kumwambia mgeni hapana tangu azaliwe. Lakini alitaka kijani, akaona kijani. Akaupiga ukuta picha, akamtumia mumewe, naye Zafarjon akaacha kazi.

Wiki ya kwanza gari la kukodi lilizunguka mtaa mzima, likarudi na mifarishi miwili, yote ya mjane anayeishi peke yake. Kwingine geti lilifunguliwa nusu. "Wiki ijayo, mwanangu." Mke mmoja kijana ndiye aliyemnong'oneza ukweli: "Dada wewe! Mifarishi yetu itoke na madoa yake, majirani wakodoe macho? Mama mkwe atanila mbichi!"

Alasiri hiyo Oyniso alikuwa akibandua vipande vya kijani, mama mkwe wake, Bi Salomat, akaingia na chai.

"Mama, wewe nilikuuliza wa kwanza kabisa. Ulisema inshallah."

"Nilisema."

"Ungenipa?"

"Mifarishi niliyoshonewa na mama yangu nikiolewa? Ipite getini watu wanaona? Thubutu!"

"Sasa mbona hukuniambia?"

Bi Salomat akaweka birika chini. "Ningekwambia, mwanangu angerudi? Nina miaka sabini na miwili, Oyniso. Nilitaka kumwona."

Oyniso akakosa hata hasira. Alihuzunika tu, huzuni nzito, kwa sababu naye alitaka hicho hicho.

Zafarjon alifika, akakaa nyumbani siku kumi na moja. Siku ya tisa Kamola akakubali kupakatwa. Siku ya kumi na mbili akafunga mizigo arudi Urusi, na hakuna aliyetaja ukuta.

Gari la kumpeleka kituoni lilipopiga honi, Bi Salomat alitoka na mfarishi mmoja wa harusi yake, akaupitisha getini mchana kweupe, madoa yote yakionekana, akaufunga juu ya begi la mwanawe. Majirani walisimama wakitazama. Hakumficha hata mmoja wao madoa hayo.