Shemeji Amekataa Kahawa Yangu

Nificheni jina. Mimi ni mzee wa miaka sabini na tatu, nakaa Mshangano, na Songea nzima hakuna mwanaume ninayemwogopa.

Uongo. Namwogopa shemeji yangu, na kutembea kwenyewe anatembea kwa fimbo.

Fimbo hiyo ndiyo imevimbisha mkono wa dada yangu. Sisi ni Waarabu wa hapahapa, bibi yetu Mngoni. Dada aliozwa kwa shemeji huyo, mtoto wa ami yetu, akiwa kigori, na tangu hapo anapigwa. Jino likitoka, husema ameanguka bafuni. Bafu gani hilo linamwangusha yeye tu? Sasa ana vitukuu. Juzi kaja kwangu kwa bodaboda, mkononi dawa za presha basi.

Jana shemeji akaja na wanawe wawili. "Shikamoo, mjomba." Nikawamiminia kahawa. Shemeji akakiweka kikombe chini, hakukigusa. Kwetu mgeni akifanya hivyo ana haja, na ukimwacha aondoke bila kunywa, umeuaibisha ukoo. Baba hayupo, kaka ni mimi pekee, kwa hiyo neno ni langu.

"Nipe mke wangu, ninywe."

"Ina tangawizi hiyo, shemeji. Ikipoa itakuharisha."

Hakucheka mtu. Mpwa wangu mkubwa akasema, "Mjomba, usituaibishe. Mama mtu mzima sasa, akafie kwake."

Dada akajibu nyuma ya pazia, "Hicho ndicho ninachokikataa, mwanangu. Kufia kule."

Shemeji akagonga fimbo sakafuni. Na mimi, mdomo mrefu kuliko wote mtaani, nikakauka! Wakaondoka, kikombe kimejaa. Ijumaa baada ya swala wanarudi na wazee wa ukoo.

Dada kaniambia, "Kaka, ukinitoa nitakwenda. Ila uninunulie sanda, niende nayo."

Ndugu zangu, nipeni akili, mimi shule niliiacha darasa la nne. Nikimrudisha, namzika. Nikienda polisi kumshitaki mtoto wa ami, ukoo utanitenga, na mimi nitazikwa na nani? Mngekuwa mimi, Ijumaa mngesema neno gani?

Nawe mwenye ukurasa, nilikwenda kukuposea mke, nikaapa mbele ya wakwe kwamba wewe ni mchapakazi. Dhambi ile naibeba mimi, na fadhila hujanilipa. Ijumaa njoo ukae mlangoni kwangu na kitambi chako hicho. Usiseme kitu. Ziba tu mlango.