Kuku wa Mabibo Siku ya Posa

Upishi wa kuku wa kuoka na matunda nilifundishwa na mama mmoja mgeni, mke wa mhandisi, niliyemfanyia kazi za ndani hapa Mtwara mjini wakati shughuli za gesi zilipopamba moto. Yeye alitumia aprikoti zilizokaushwa, zilizomfikia kwa pakiti kutoka Dar es Salaam, na jibini laini ya kopo. Siku ya kwanza aliponipa nionje, nilipokea kwa adabu tu. Kuku na tunda tamu? Kwetu Mpapura tunda huliwa njiani, kuku huliwa kwa ugali. Lakini nilitafuna, nikatafuna tena, nikamwambia, "Mama, hiki nitakipika hata kwangu."

Mkataba wa mumewe ulipokwisha wakaondoka, nikabaki na ujuzi bila aprikoti wala kopo. Hilo halikunisumbua. Mpishi akijua kwa nini kitu kimewekwa sufuriani, kukikosa hakumshindi. Aprikoti ililetwa pale kwa ule uchachu na utamu wake, na jibini ikaletwa ije iutulize uchachu. Basi nikatafuta vyangu. Nanasi lilikuwa na sukari mno. Papai liliyeyuka likawa uji. Embe bichi lilikaa vizuri, na nikaoka nalo kwa muda mrefu, watu wakila na kunisifu. Kisha msimu mmoja wa korosho nikajaribu mabibo, na hapo nikajua nimefika.

Bibo ndilo tunda linalobeba korosho kwenye kitako chake. Huku kwetu mali ni korosho. Ikishachomolewa, bibo huachwa mchangani lioze, na msimu mzima mashamba hunuka utamu uliochacha. Ni tunda lenye maji mengi na harufu ya kumwita mtu kutoka mbali, ila lina ukakasi unaokaba koo. Ukakasi huo nauondoa kwa kuyachemsha kidogo kwenye maji ya chumvi, nayamwaga maji yote, nayakamua mabibo taratibu kwa viganja kama mtu anayefua kitambaa cha mtoto. Yaliyobaki ni nyama laini, chachu kwa mbali, tamu kwa karibu.

Jibini naitengeneza mwenyewe. Jirani yangu hapa Likombe anafuga ng'ombe. Nachemsha maziwa yake, nakamulia ndimu, yakishakatika nayachuja kwenye kitambaa cheupe na kukining'iniza hadi kiache kudondosha. Sioni haja ya kopo.

Baba yangu ni mkulima wa korosho na mihogo kule Mpapura, mtu wa swala tano na maneno machache. Mwaka jana, msimu ukiwa ndio kwanza umeanza, alikuja kukaa kwangu baada ya kutolewa mtoto wa jicho. Alifungwa bandeji jicho moja, akapewa dawa ya matone, akakatazwa moshi, vumbi na kuinama. Kumkataza mkulima kuinama wakati korosho zinadondoka ni kumfunga kamba. Kila asubuhi alipiga simu shambani kumuuliza mdogo wangu wa kiume kama wameshafagia chini ya mikorosho, na kila asubuhi alikata simu akiwa hajaridhika.

Wakati huohuo ukaja ujumbe kutoka kwa familia ya kijana aliyempenda binti yangu: Jumapili watakuja kuleta posa. Ni watu wa kando ya Ruvuma. Wazee wao walivuka kutoka Msumbiji zamani, wakalima, wakafanya biashara ya mchele na samaki wakavu, wakawa wenyeji. Atakayeongoza msafara, tuliambiwa, ni shangazi wa kijana.

"Mama, huyo shangazi haoni aibu," binti yangu alinitahadharisha. "Akila chakula kibaya anasema palepale."

"Basi huyo ni mtu wangu," nikamjibu.

Mume wangu alikuwa na zamu nzito bandarini wiki ile, ingawa Jumapili aliomba ruhusa. Wa kuzungumza kwa niaba yetu angekuwa baba. Jioni, tukinywa chai barazani, akaniuliza, "Wageni utawapikia nini?"

"Pilau, kachumbari, na kuku wa kuoka."

"Kuku wa kuoka na nini?"

"Na mabibo, baba."

Kikombe kilikuwa kinaelekea mdomoni. Akakirudisha mezani.

"Watu wanakuja kutaka mke, wewe unawapa mabibo. Watatoka hapa wakisema wamekaribishwa kwa walevi."

Haikuwa hasira ya bure. Baba alikuwa na mdogo wake, aliyemfuata kuzaliwa, waliyelima naye shamba moja. Baba mdogo alianza na uraka, ile pombe ya maji ya mabibo, akahamia kwenye gongo inayotokana na uraka huohuo, na asubuhi moja baba ndiye aliyemkuta amelala kando ya pipa, mwili umeshapoa. Mimi nilikuwa bado msichana mdogo. Tangu siku ile baba alipiga marufuku bibo kuvuka kizingiti chake. Watoto tulikula shambani, tukanawa mikono na midomo kabla ya kufika nyumbani, naye hakuuliza. Lakini ndani ya nyumba halikuingia.

Nilijua hayo yote nilipomtajia. Ningeweza kumwambia ni embe, maana jicho moja limefungwa na la pili lilikuwa halioni sana. Sikutaka. Chakula changu nakitaja jina.

"Baba," nikasema, "mabibo ninayopika yanaokotwa asubuhi, mchana yako motoni. Hayapati nafasi ya kuchacha. Hapo hakuna uraka."

"Najua uraka unavyotengenezwa. Usinifundishe."

"Sikufundishi. Nitapika sufuria mbili, moja ya embe, moja ya mabibo. Wewe utakula unayotaka, na wageni watakula wanayotaka. Lakini atakayeuliza kilichomo nitamwambia."

Akasema, "Wewe tangu utotoni hujui kuficha. Ndiyo taabu yako." Akainuka, akaenda msikitini kwa swala ya magharibi, na hatukulizungumza tena.

Jumapili nikaamka na kazi yangu. Kuku walikuwa wa kienyeji, na kuku wa kienyeji ukimpeleka kwenye kuoka bila kumchemsha, wageni wataondoka na meno yamelegea. Nikawachemsha kwa tangawizi, vitunguu saumu na chumvi. Nikakaanga vitunguu maji hadi vikawa rangi ya kahawia, nikapanga: kuku chini, vitunguu juu yake, kisha mabibo, kisha supu kidogo ya kulainisha, na juu kabisa jibini niliyoivuruga kwa mkono. Oveni sina, wala siitamani sana. Nina majiko mawili ya mkaa na mifuniko mipana ya bati. Moto wa chini uwe mdogo, mkaa mwingi upaliwe juu ya mfuniko. Hapo jibini inashika rangi na chini hakuungui.

Baba alitoka na kiti chake cha plastiki, akakiweka upande usio na moshi. Kila upepo ulipogeuka, naye aligeuza kiti. Nilidhani atakaa kidogo tu aondoke. Hakuondoka.

"Haya yametoka wapi?" akauliza, akinyoosha kidevu kwenye beseni la mabibo yaliyobaki.

"Shambani kwako. Mdogo wangu kayatuma na bodaboda alfajiri."

"Alifagia chini ya mikorosho?"

"Alifagia, baba."

Akachukua bibo moja la njano, akalisogeza karibu na jicho lake lililo wazi, akalinusa. Mimi nikaendelea kupalia mkaa. Kisha akaanza kusema, bila kunitazama.

"Mdogo wangu alikuwa anajua kuchagua mabibo. Anapita chini ya mkorosho mmoja, anasema huu mtamu, huu achana nao. Hakosei. Shati lake lilikuwa na madoa kifuani, mama akifua hayatoki. Alikuwa anapigwa kwa sababu ya yale madoa." Akalizungusha bibo mkononi. "Watu wakimtaja siku hizi wanataja pombe tu. Hata mimi."

Nikafunua sufuria kwa koleo. Jibini ilikuwa imeshika rangi ya dhahabu pembeni, harufu ikatoka kwa nguvu, ya kuku na tunda na maziwa kwa pamoja, hata binti yangu akatoa kichwa dirishani.

"Hiyo ni ya embe?" baba akauliza.

"Hii ni ya mabibo."

"Nipe nionje."

Nikamwekea kwenye kisahani, kipande cha paja na bibo juu yake. Akapuliza, akasema bismillah, akala. Nilimtazama akitafuna. Sitasema moyo ulinidunda, maana nilijua nimepika vizuri. Kilichonishika ni kumwona anakula pole pole namna ile, kichwa kimeinama, kama anayesikiliza. Alimaliza, akafuta vidole.

"Chumvi imekaa," akasema. Kwa baba yangu hiyo ni hotuba.

Wageni walifika mchana, wanaume watatu waliotulia sana na shangazi ambaye hakutulia hata kidogo. Alikuwa mrefu, sauti imezidi ukubwa wa sebule yetu, Kiswahili chake kikiwa na Kimakonde ndani yake, hata salamu ilisikika kama wimbo. Alimsalimu baba kwa kupiga goti, akatukumbatia wote, akauliza bei ya vitenge madukani huku mjini kabla hajaketi. Mazungumzo ya posa yalikwenda kama yanavyokwenda: walisema wameona ua kwenye nyumba hii, baba akasema maua ya nyumba hii yana wenyewe, wakacheka, wakaeleza ukoo wao, akaeleza wetu. Kisha nikatenga chakula mkekani.

Nilitaja kila kitu, pilau, kachumbari, kuku wa kuoka. Shangazi hakuningoja nimalize. Alichota kwenye sufuria iliyo karibu yake, akala tonge, akasimamisha mkono. Sebule nzima ikamtazama.

"Mama," akaniambia, "hili tunda gani?"

Nikafungua mdomo. Baba akawahi.

"Mabibo," akasema. "Ya shamba langu."

"Mabibo?" Shangazi akamgeukia. "Mabibo haya ya uraka?"

Mmoja wa wale wanaume akakohoa. Binti yangu, aliyesimama mlangoni na jagi la maji ya kunawa, alishusha macho. Baba alinyoosha mgongo, na kwa bandeji yake ile alikuwa na heshima kama jemadari.

"Haya haya, mkwe. Ya uraka yalimuua mdogo wangu, mtu niliyempenda. Haya ameyapika binti yangu, na mimi nimeyala asubuhi nikiwa na akili zangu. Karibu, ule."

Shangazi akashusha ile sauti yake, ikawa ndogo kwa namna ambayo sikuitegemea.

"Pole, mzee wangu."

"Tumeshapoa."

Akachota tena. Alikula, akanyonya mfupa, akaisukuma sufuria kwa wenzake na kuwaambia wasiogope. Baada ya muda alinigeukia, sauti imerudi mahali pake.

"Na hii ya embe, nani kakwambia tunaitaka?"

Baba ndiye aliyecheka kwanza. Alicheka hadi akashika bandeji, nami nikalazimika kumkumbusha jicho. Baadaye binti yangu akaitwa, akaulizwa na babu yake mbele ya wote, "Mke wangu mdogo, hawa watu unawajua?" Akasema anawajua. "Turudishe walicholeta, au tupokee?" Akasema, kwa sauti ya chini lakini iliyosikika, "Pokea, babu."

Harusi ilifanyika kabla msimu haujaisha. Shangazi alituma ujumbe kwamba kwenye karamu ya upande wao, kuku asipikwe na mtu mwingine. Nikaenda siku mbili mapema, na masufuria yangu na mifuniko yangu ya bati, hadi kijijini kwao karibu na mto. Wanawake wa pale walinipokea uani, tukapanga mawe ya mafiga, tukagawana kazi. Niliwaonyesha jinsi ya kukamua mabibo, wakaelezana kwa Kimakonde chao na kunicheka nilipojaribu kuwajibu.

Mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa akitwanga korosho kwa ajili ya mboga, alitazama sufuria yangu kwa muda, akauliza, "Korosho yenyewe umeiacha wapi?"

"Sijaiweka, mama."

"Umechukua bibo, umeacha mwanaye?"

Akachota konzi mbili za korosho zilizotwangwa, akanitazama kuomba ruhusa. Upishi ule ni wangu. Nimeujenga mwenyewe kwa miaka, na siruhusu kila mkono uingie. Lakini nilimwambia aweke. Akaichanganya na supu, akaongeza pilipili mbuzi moja nzima bila kuipasua, tukafunika, tukapalia mkaa. Tulipofunua, mchuzi ulikuwa mzito, umeshikana na jibini kama vimezaliwa pamoja. Nikaonja, nikaonja tena.

"Mama," nikamwambia, "sogea hapa karibu, unionyeshe ulivyozitwanga."