Ambrosi Aliyejitwalia Babu

Ambrosi alizaliwa karibu na Kigwa mwaka wa njaa, akaitwa Nzala, yaani Njaa. Hakuna aliyeumiza kichwa. Kwa Wanyamwezi wa enzi hizo jina lilikuwa habari ya siku: mvua ikinyesha, mtoto ni Mbula, mama akishikwa na uchungu barabarani, mtoto ni Njile, chakula kikikosekana, mtoto anaitwa hivyohivyo na kukuzwa hivyohivyo. Mapadri walipokuja walichungulia kalenda ya watakatifu na kugawa majina kama mtu anayegawa nguo za marehemu, kila mmoja avae ilivyomwangukia. Ndiyo maana nchi ile imejaa akina Veneranda, yaani Waheshimiwa, wasioheshimiwa hata na kuku wao. Nzala aliinuka kwenye maji ya ubatizo akiwa Ambrosi, na aliyethubutu kumwita Njaa tena alinuniwa juma zima.

Likabaki jina la baba, Lugembe, nalo lilimkera vilevile. Lugembe alikuwa mpagazi. Wenzake walibeba pembe za ndovu kwenda pwani. Yeye alibeba masufuria ya kiongozi wa msafara, mtu mkubwa aliyeitwa Ngollo. Mara nne alikwenda, mara nne akarudi, na kote huko alichokijua kuhusu ukubwa ni mgongo wa Ngollo ulivyo ukiutazama kwa nyuma.

Waingereza walipoichukua nchi, Ambrosi akapata ukarani katika baraza la mtemi. Alivaa koti la kaki, tai, kofia ya pama, na mfukoni kalamu mbili, moja haina wino. Kazi yake ilikuwa kuandika yaliyosemwa na watu wenye akili kuliko yeye, na baada ya miaka saba akaanza kudhani ameyasema mwenyewe.

Mwaka wa elfu moja mia tisa thelathini na nne akafa mwanangwa wa kijiji, yaani yule mkuu anayemwakilisha mtemi. Bwana Shauri, yaani afisa wa serikali wilayani, kijana wa Kiingereza mwenye pua iliyobabuka kwa jua, akaleta agizo: mwanangwa mpya atoke katika nyumba ya Ngollo, maana ndiyo nyumba yenye asili. Wazungu wa wakati ule walipenda sana wajukuu wa watu mashuhuri. Mtu mwenyewe awe gogo la mti, haidhuru, mradi babu yake anajulikana. Na mjukuu wa Ngollo alikuwepo: Masele, mnywaji hodari wa pombe ya mtama, ambaye katika maisha yake alifanya jambo moja tu la maana, kuzaliwa mahali panapofaa.

Ambrosi akautaka uanangwa ule kuliko alivyoitaka pepo. Jumatatu alikuwa Ambrosi Lugembe. Jumanne akasaini barua ya baraza "Ambrosi Ngollo". Alipoulizwa, akaeleza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeficha utukufu, kwamba Lugembe alikuwa mwana wa Ngollo, aliyezaliwa njiani na mke wa Ugogo. Nani angempinga? Safari ya miezi mitatu ina nafasi ya kuzaa mtu yeyote.

Akaenda kwa Bibi Milembe, binti wa Ngollo aliyekuwa bado hai, mwembamba kama mchi, macho makali.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwana wa kaka yangu nisiyemjua. Kumbe baba alizaa mpaka Ugogo?"

"Ndiyo, shangazi."

"Na jina lake unalichukua lote?"

"Lote, shangazi. Pamoja na heshima yake."

"Basi lichukue lote," akasema bibi, akarudi kupepeta mtama wake. Mchana huohuo akatuma neno stesheni ya Kigwa kwa Nassibu, mpakia mizigo, Mzaramo. Babu yake Nassibu alisafiri na Ngollo, akamzikia ndugu zake njiani, na tangu hapo nyumba zile mbili zikawa watani wa pekee, zaidi ya utani wa makabila yao. Utani ule hufuata jina la Ngollo kama mkia unavyomfuata ng'ombe. Ambrosi hakuujua, kwa sababu hiyo ndogo tu kwamba hakuwa wa nyumba ile.

Ijumaa asubuhi, siku ya baraza kuchagua mwanangwa, Ambrosi alikuwa akinyoa ndevu uani. Mkewe Flavia akatoka ndani.

"Baba Hilari, kuna Mzaramo sebuleni anavaa kofia yako."

Nassibu alikwisha kuivaa pama. Kwapani ameshika jogoo, mkononi koti la kaki.

"Mwangaluka, mjukuu wa mlafi!" akamsalimu Kinyamwezi kwa kupaza sauti. "Ngollo alikula mbuzi mzima Ugogo, babu yangu akaachiwa kwato. Nimefuata mbuzi wetu. Nikikosa mbuzi, nachukua mwenye nyumba, ingawa naona nyama hana!"

"Wewe! Unajua unasema na nani?"

"Nasema na maiti. Ngollo alikufa kwa kuhara, leo nakuta amefufuka na tai!"

Flavia, mtu wa Urambo lakini si mjinga, akamvuta mumewe shati. "Cheka, Baba Hilari. Mwenzio anatania."

"Mwizi hataniwi!" Ambrosi akafoka, na povu la sabuni shavuni, akakimbilia barazani. Akaandika mashtaka yake mwenyewe, akajipokelea, akajigongea muhuri.

Watu wakajaa, Bibi Milembe mbele juu ya kigoda chake. Mtemi akapiga mwayo, akamwita mshtakiwa.

"Nassibu, kofia umechukua?"

"Nimechukua, Mtemi, na inanibana. Huyu si mjukuu wa Ngollo? Alipozikwa Ngollo, babu yangu aliingia kaburini akakataa kutoka mpaka apewe beberu. Mwaka jana nilimnyang'anya Masele jembe. Kesho yake akaja akabeba mlango wangu."

"Mlango wenyewe mbovu," akasema Masele kutoka nyuma, "una mapengo kama bibi yako."

Baraza zima likacheka, Nassibu kuliko wote. Mtemi akamgeukia karani wake.

"Haya, Ngollo mdogo. Wewe una neno gani kwa mtani wako?"

Tusi moja tu lilitosha. Angemwambia Nassibu lolote kuhusu makalio ya babu yake, angekuwa mwanangwa kabla ya saa sita. Lakini mtu aliyejipandisha cheo hawezi kutukanwa. Hicho ndicho cheo chenyewe. Ambrosi akanyoosha tai.

"Mtemi, mimi na mtu huyu hatuna utani wowote! Kwetu, kwa mzee Lugembe, hatujawahi kuchezewa na wapakia mizigo!"

Watu wote wakamgeukia Bibi Milembe.

"Kwenu ni kwa nani, mwanangu?" Bibi Milembe akauliza polepole.

Nassibu akaivua pama, akamrudishia Ambrosi kwa mikono miwili, kwa adabu, kama mtu anavyomrudishia mgeni kitu chake. Koti nalo. Jogoo naye. Hakuchukua kitu. Pale ndipo watu walipoacha kucheka, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Masele ndiye mwanangwa," Mtemi akasema. "Karani, mwandikie Bwana Shauri. Nyumba aliyotoka, baba yake, babu yake, wote."

Karani akakaa, akachovya kalamu yenye wino. Bibi Milembe akasogeza kigoda chake karibu, akaanza kumtajia ukoo wa Ngollo, jina kwa jina, vizazi sita, na kila alipofika mwisho wa jina moja alisubiri mpaka aone limeandikwa.