Mlango wa Jikoni

Harufu ya majani machungu ya porini yakichemka bila chumvi hunirudisha utotoni, kijijini Kiritiri. Kila asubuhi mama aliandika kwa makaa kwenye mlango wa jikoni balaa lililotupata tarehe kama hiyo miaka ya nyuma, na la kufanya: leo mto ulibeba mbuzi wetu, wafungeni kilimani; au siku nyingine, leo nyumba iliungua, jazeni ndoo.

Siku ya kukumbuka njaa tulikula majani hayo tu, tusije tukasahau yanavyopikwa. Mwaka mmoja mwalimu wangu akatutembelea siku hiyohiyo. Niliusukuma mlango, maandishi yakageukia ukuta asiyaone.

“Karibu, mwalimu,” mama akasema. “Leo hapa tunakula njaa.”

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mwalimu alikula, akaomba aongezwe.

Leo ni siku ile, nimeyachemsha. Binti yangu anafunga madirisha, majirani wasinuse.