Pijo la Mama Trinah

Kabagwira hakuwahi kuchukia gari hata siku moja, mpaka lile jekundu la Yvonne lilipoanza kuonekana Masaka, pembeni mwa Kigali. Lilikuwa la Kijerumani, jipya, limelala chini kama mjusi, na likinguruma madirisha ya watu hutetemeka. Barabara ya mawe ya kufikia kwa Kabagwira haikuliweza, lingekwaruza tumbo. Kwa hiyo Yvonne aliliacha kwenye lami, akaja kwa miguu na viatu vyake virefu, na Kabagwira akasimama mlangoni akimwangalia anavyochagua pa kukanyaga. Hiyo ndiyo raha pekee aliyoipata siku hiyo.

Yvonne ndiye aliyemchukua Mutsinzi, mume wa Kabagwira. Ni miaka saba sasa. Alimchukua polepole, bila ugomvi, kama mtu anayeokota kitu njiani, na majirani wakasema Mutsinzi kapata msomi wa Kacyiru, mwenye ofisi na kiyoyozi. Kabagwira hakusoma. Alizaliwa Karagwe, ukimbizini, akachunga ng'ombe wa watu wakati wenzake wakiimba herufi darasani. Alichokijua ni kuuza ndizi, na kwa ndizi za miaka tisa ndipo liliponunuliwa Pijo 504 la rangi ya maziwa, ambalo Mutsinzi aliliendesha na kuliita lake. Siku anaondoka, injini ilikuwa imekwisha kufa. Alilitazama pale chini ya mparachichi, akasema, "Hili nakuachia, Mama Trinah." Alisema kama mtu anayetoa mali.

Kuku walitagia ndani yake mwaka mzima. Kisha fundi Niyongabo alipita, akafungua boneti, akachungulia muda mrefu.

"Mama, hii gari iko na roho," alisema. "Iko inalala tu."

Akaliamsha. Kabagwira akajifunza kuendesha akiwa na miaka arobaini na minne. Mtihani wa alama za barabarani, kwa kusoma kwake kwa kubabaisha, alianguka mara tano, akapita ya sita. Tangu hapo hulikodisha kubebea maharusi, maana mabibi harusi wa Kigali wanalipenda kuliko magari ya matajiri. Ndani ya gari jipya bibi harusi anazama kitini kama kiazi ndani ya gunia, na vioo ni vyeusi, nani atamwona? Ndani ya Pijo anakaa wima, mtaa mzima unamjua.

Basi Trinah, binti yake wa pekee, alipoposwa na Goodluck, kijana wa Kitanzania, Kabagwira hakuona la kujadili kuhusu gari. Mpaka siku hiyo ya viatu virefu, Yvonne alipoketi sebuleni mwake, akapewa chai, akasema:

"Dada, nimeona nimpe Trinah gari langu siku ya harusi. Zawadi yangu kwake. Linafika mia kwa sekunde nne."

"Mia ya nini?"

"Mwendo. Kilomita mia kwa saa."

"Na hapa Kigali hiyo mia utaikimbilia wapi? Sofia si ziko kila kona?" Sofia ndilo jina ambalo watu wamezipa kamera za barabarani, zile zinazopiga picha wenye haraka.

Yvonne akacheka. Alikuwa na kicheko kizuri, na Kabagwira alimchukia kwa hicho pia. "Kweli, dada. Lakini kule kukaa tu ndani yake, ukijua linaweza."

Trinah alikuwa akizungusha kijiko kikombeni. "Nitakwenda na Pijo," alisema mwishowe. "Ila baba ndiye aliendeshe."

Kabagwira alijisikia kama mtu aliyepewa bakuli la maziwa lenye nzi.

Siku moja kabla ya harusi Mutsinzi alikuja kulitazama Pijo. Alilizunguka mara mbili, akapitisha kiganja juu ya boneti, akafungua mlango, akavuta harufu ya viti, na machozi yakamlengalenga. "Magari ya siku hizi hayana harufu," alisema. Kabagwira alisimama hatua mbili tu kutoka kwake, amevaa gauni jipya, amesuka nywele. Hakuulizwa habari ya mgongo wake, wala ya usingizi wake. Miaka saba alikuwa amemwonea wivu mwanamke. Sasa alijikuta anaonea wivu bati.

"Lina tabia zake siku hizi," alimwambia. "Usilikanyage kwa nguvu mlimani."

"Mama Trinah, nani alikuonyesha hata mlango wake unavyofunguliwa?"

Kabagwira akampa ufunguo.

Asubuhi msafara ukatoka kwenda kanisani. Pijo mbele, limefungwa utepe mweupe, Yvonne nyuma yake, kisha basi dogo la mashangazi, na Kabagwira dirishani. Wakavuka bonde la Mulindi. Mlima wa kupandia Kanombe ulipoanza, lile jekundu likakaribia, likanguruma, na Kabagwira akaliona Pijo lake likichupa mbele. Mwanamume alikuwa anajionyesha. Likakohoa mara mbili, likazima.

Wakamsikia Mutsinzi akilichochea na kulichochea kwa pedali, kama anayeshona kwa cherehani, mpaka harufu ya petroli ikafika kwenye basi. Yvonne akasogea ubavuni, akashusha kioo.

"Trinah mpenzi, hamia huku. Padri hasubiri."

Mlango wa Pijo ukafunguka. Kiatu cheupe kikatoka, na pindo la shela.

Kabagwira alikwisha teremka. Alipanda mlima ule viatu mkononi, mushanana, ile nguo yake ndefu ya sherehe, ameikunja hadi magotini, na hakujali nani anatazama.

"Rudisha mguu ndani, mwanangu." Kisha akaenda upande wa usukani. "Toka."

"Betri imekwisha," alisema Mutsinzi.

"Betri ni nzima. Umelinywesha petroli. Toka."

"Mbele ya watu, Mama Trinah?"

"Uliondoka mbele ya watu."

Alitoka. Kabagwira akaketi, akakandamiza pedali ya mafuta mpaka chini, akaishikilia hapo bila kuichezesha, akazungusha ufunguo. Injini ikazunguka tupu, ikazunguka, ikashika. Moshi mweusi ukamwagikia suruali ya Mutsinzi. Alipozunguka kuja kuingia upande wa pili, Kabagwira aliweka viatu vyake juu ya kiti.

"Huku kumejaa," alisema. "Lako liko nyuma."

Gari la bibi harusi halipitwi na mtu wa msafara, hata awe na haraka gani. Kabagwira akapanda mlima kwa thelathini. Nyuma yake lile gari la sekunde nne likatambaa, likilalamika kooni kama fahali aliyefungiwa zizini. Kwenye kioo akamwona Yvonne akitoa leso, akiinama kumfuta Mutsinzi masizi, na Mutsinzi akitulia kama mtoto anayeogeshwa. Hakuwahi kutulia hivyo mikononi mwake yeye.

Akapunguza mpaka ishirini.

"Mama, tutachelewa."

"Bibi harusi hachelewi. Wengine ndio huwahi."

"Goodluck anapiga simu."

"Pokea," alisema Kabagwira, akibadilisha gia. "Mwambie mama yako ndiye anayekuleta."