Kinyozi na Matete ya Bwawa

Baba yangu alinyoa vichwa vya watu mpaka mikono ikaanza kutetemeka, ndipo akafunga kibanda chake. Wembe aliuacha, lakini tabia haikumwacha. Akiona kitu kimechomoza, mkono unamwasha.

Nyuma ya nyumba tuna bwawa la kuogelea lisilotiwa dawa. Upande mmoja ni wa watu, wa pili ni wa matete, na mizizi yake ndiyo inayosafisha maji. Mama alipopooza mguu mmoja, humo ndimo alimojifunza kutembea upya, maana maji yanambeba. Ila lazima aione miguu yake chini. Asipoiona, hathubutu kushuka ngazi.

Kila mwaka kabla ya joto kali, matete hupunguzwa kidogo tu. Mwaka huu Baba alishika mkasi, kazi ikamkolea, akayanyoa yote kipara. Alirudi ndani ametabasamu kama aliyemaliza kichwa cha bwana harusi. Joto lilipoingia, mizizi isiyo na majani ikashindwa kazi, maji yakageuka kijani, mazito, hata ngazi ya pili haikuonekana.

"Umemnyoa mteja ambaye hakukaa kitini," Mama alimwambia, akabaki barazani. Siku zikapita, na mguu ukaanza kukakamaa tena. Baba akanunua dawa ya kusafisha maji, akasimama nayo ukingoni, uso umemshuka.

"Ukimwaga hiyo utaua kila kilichomo," Mama alisema. "Tulia, baba watoto. Yataota."

Akatulia, jambo ambalo sikuwahi kuliona tangu nizaliwe. Asubuhi aliopoa utando wa kijani kwa wavu, kisha akakaa kutazama machipukizi yakinyanyuka, mikono ameibana kwapani.

Kisha asubuhi moja akaniita kwa sauti ya chini. Nilifika ukingoni nikapigwa na butwaa. Changarawe za chini zilionekana mojamoja, na kivuli cha kereng'ende kilipita juu yake. Hakuna aliyetia kitu. Maji yalikuwa yamejisafisha yenyewe.

Tulimshusha Mama polepole. Aliinama, akachezesha vidole vya ule mguu mbovu.

"Naiona yote miwili," alisema. Akauachia mkono wa Baba, akavuka peke yake mpaka ng'ambo.

Baba alifuta macho, akachukua mkasi, akakata matete mawili yaliyolala. Halafu akageuka kumtazama mkewe, kama alivyokuwa akiwageuzia wateja kioo.

"Inatosha?"

"Inatosha," Mama akasema.